Nukta ya Tatu Imegoma

Benchi lililo mbele ya duka la kushonea la Pumua lina miguu minne: mitatu ya mbao na mmoja wa matofali, na huo wa matofali ndio pekee usiolalamika. Pitia hapo asubuhi yoyote utawakuta watu wale wale. Yupo Pumua mwenyewe, fundi cherehani, aliyepewa jina hilo kwa sababu hajawahi kushona suruali isiyo na nafasi ya mgeni ndani yake, ukimlalamikia anakujibu, “Nguo lazima ipumue.” Yupo Timazi, mwashi, ambaye hata akikata mkate hufumba jicho moja aone kama umenyooka. Yupo na Utafiti, fundi wa simu, ambaye hajawahi kufanya utafiti wowote lakini matokeo anayo. Na kwenye kigoda, birika likiwa mbele yake, yupo Mama Mvuke, na huyo ndiye anayewaweka pamoja, maana hoja zao bila kahawa hazimkalishi mtu dakika tano. Sasa asubuhi hiyo Mama Mvuke, mwanamke ambaye kwa miaka tisa hajamwaga hata tone, alikosa kikombe akalimiminia goti la Timazi.

— Mama we! Nimekuja kunywa, sikuja kuoga!

— Samahani, baba. Mawazo.

— Mawazo gani yenye moto hivi?

Alifuta goti la watu kwa kitambaa, macho yakiwa kwenye daftari lililolala mapajani mwake. Utafiti, ambaye hawezi kuona maandishi ya mtu bila kuyasoma, alinyoosha shingo.

— “Wai ni sawa na mbili eksi jumlisha tatu. Chora mstari wake.” Mama Mvuke, haya mambo ya nani?

— Yangu.

— Yako ya kufanya nini?

— Leo saa nane nina mtihani. Wa kuingia chuo cha uuguzi, pale hospitalini.

Walijua anasoma soma, lakini walidhani ni ile ya kupoteza muda birika likichemka. Hakuwa amewaambia kwamba ameshafanya mtihani huo mara mbili na kufeli mara mbili, wala kwamba chuo kinaruhusu mara tatu tu, ya nne hakuna. Aliwaambia sasa, kwa haraka, kama mtu anayebandua plasta.

— Na mara zote mbili ni hili hili la mstari. Mengine napita. Mwili wa binadamu naujua, usafi naujua, kusoma na kuandika sina shida. Nikifika kwenye grafu, napewa sifuri yangu, narudi nyumbani.

— Mstari ndio unakutoa jasho? — Timazi alicheka kwa furaha ya mtu aliyeitwa kwenye kazi yake. — Mama, mimi nina miaka ishirini na miwili nanyoosha mistari. Mbona hukusema?

— Nilikuuliza mwaka jana, baba. Ukaniambia mstari ni vigingi viwili na uzi, basi.

— Na ndivyo ulivyo! Vigingi viwili na uzi, basi. Ukifeli hapo labda uzi ulikuwa mbovu.

— Kidole kimoja hakivunji chawa, — Pumua alisema, akasimama huku utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. — Saa hizi ni saa ngapi? Saa nne na nusu. Muda tunao. Huo mstari tunauchora hapa hapa sakafuni, kila mtu auone, na mama akifika huko anaunakili tu.

— Huwezi kunakili, — Mama Mvuke alisema. — Wanabadilisha namba.

— Basi ataelewa! Hebu nipisheni.

Alirudi na chaki ya kukatia nguo. Sakafu ya kibaraza ilikuwa ya saruji laini, na Timazi hakukosa kuwakumbusha kwamba aliimwaga yeye. Alitoa uzi wake mfukoni, ambao humo hautoki hata akienda harusini, akaupaka chaki, wakauvuta yeye na Utafiti, akaupiga. Pah! Mstari mweupe ulilala kutoka kwenye benchi hadi mlangoni. Wakaugeuza, wakapiga mwingine uliosimama juu ya ule wa kwanza.

— Huu uliolala ni wa eksi, — alisema Mama Mvuke. — Uliosimama ni wa wai. Pale inapokutana ni sifuri.

— Sifuri ndiyo nini? — aliuliza Pumua.

— Hapo hujaanza kutembea, na hujaanza kupanda.

— Kama Utafiti kwenye maisha, — alisema Timazi.

Utafiti aliliachia hilo lipite, kwa kuwa kikombe chake kilikuwa kitupu na aliyepaswa kukijaza alikuwa ameinama sakafuni. Kwenye mstari uliolala Timazi alipima hatua kwa kiberiti: urefu wa kiberiti, hatua moja, kingine, hatua ya pili. Pumua aliomba atumie utepe, akakataliwa. Mwashi hapimiwi na mshonaji.

— Vipimo si lazima vifanane, — Mama Mvuke aliwatuliza. — Kulala tupime kwa kiberiti, kusimama tupime kwa inchi. Kitabu kinasema ruksa. Ila kila kipimo kisibadilike njiani.

— Haya, sasa eksi ndiyo nani? — aliuliza Pumua.

— Ni namba yoyote unayompa bwana mlinganyo. Unampa, yeye anaizidisha kwa mbili, anaongeza tatu, anakurudishia wai.

— Kama mashine ya kusaga.

— Kama mashine ya kusaga. Mpe sifuri. Mbili mara sifuri ni sifuri, ongeza tatu, tatu.

Pumua alipiga goti, akapima inchi tatu kutoka kwenye sifuri kwenda juu, akatia nukta. Alipima vizuri, kwa kweli. Mkono wake ukiwa na chaki haujawahi kutetemeka.

— Mpe moja, — alisema Mama Mvuke. — Mbili mara moja, mbili. Ongeza tatu, tano.

Kiberiti kimoja kulia, inchi tano juu. Nukta.

— Basi! — Timazi alikuwa ameshaushika uzi. — Vigingi viwili hivyo. Vuta, piga, tunywe kahawa.

— Ngoja, baba. Mwalimu wa masomo ya jioni anasema tutie tatu.

— Ya tatu ya nini? Hiyo ni kuharibu chaki ya mtu.

— Sijui ya nini. Amesema tatu. Mpe mbili. Mbili mara mbili nne, ongeza tatu, saba.

Viberiti viwili kulia. Pumua alinyoosha utepe, akatia nukta ya tatu, akajifuta mikono na kusimama kama mtu aliyemaliza suti ya bwana harusi. Timazi akaweka uzi juu ya nukta ya kwanza, Utafiti akauvuta upite juu ya ya pili, wote wakafuata kwa macho ulikoelekea.

Uzi ulipita chini ya nukta ya tatu. Si mbali sana; kidole kimoja cha mtu mzima kingeweza kulala katikati.

— Vuta vizuri, — alisema Timazi.

— Nimevuta.

— Umelegeza.

— Bwana, nikivuta zaidi utakatika!

Timazi alifumba jicho moja, akalala kifudifudi kwenye sakafu aliyoimwaga mwenyewe, akatazama kwa muda mrefu. Alipoinuka alikuwa na vumbi kwenye kidevu na huzuni usoni.

— Nukta ya tatu imegoma.

Mama Mvuke alirudia hesabu kwenye daftari: mbili mara mbili, nne, jumlisha tatu. Akahesabu kwa vidole. Saba. Akahesabu tena kwa vikombe, akivipanga sakafuni, na vikombe navyo vikasema saba. Kumbe ndiyo maana nafeli, aliwaza. Hata nikipata jibu, mstari wenyewe haunitaki.

— Tatizo ni sakafu, — alitangaza Timazi. — Imetitia.

— Si uliimwaga wewe? — aliuliza Pumua.

— Niliimwaga ikiwa imelala sawa. Ila cherehani yako inaitikisa mchana kutwa. Sakafu si mgonjwa wa kubembelezwa, lakini nayo inachoka.

— Sakafu ikititia nukta si ingeshuka? Hii imepanda!

— Kwa hiyo imetitia upande wa pili.

— Mimi naona ni joto, — alisema Pumua. — Kitambaa ukikianika kinavutika, tena zaidi kwenye pindo. Mstari nao una pindo. Huku chini umetulia, huku juu umevutika. Samaki mkunje angali mbichi.

— Samaki ameingiaje hapa?

— Methali hiyo. Ukiipenda utaielewa.

Utafiti alikuwa amenyamaza muda wote huo, na waliomzoea walijua hiyo ni dalili mbaya. Alikunja miguu, akashika kikombe kitupu kwa mikono miwili.

— Utafiti unaonyesha, dunia ni mviringo. Ni kweli si kweli?

— Kweli.

— Basi hakuna mstari ulionyooka duniani. Yote imepinda, ila tunaangalia vipande vifupi hatuoni. Nukta ya kwanza na ya pili ziko karibu, hazijaona kitu. Ya tatu imefika mbali, imeanza kuona mviringo.

— Mbali? — Timazi alipima kwa macho. — Viberiti viwili?

— Ukiona vyaelea, vimeundwa.

— Hata! Na kama ni mviringo, ingeanguka chini, si kwenda juu.

Mtu mwingine angekoma hapo. Utafiti aliongeza sauti.

— Sikilizeni, kuna jingine ambalo hawalisemi. Huo mstari, mama, si wako peke yako. Mbili eksi jumlisha tatu ni ule ule kila mahali. Saa hizi kuna watu wangapi wanauchora? Shule zimefunguliwa, vyuo vina mitihani. Maelfu! Umeelemewa, kama mtandao wa simu jioni. Unavutwa huku, unavutwa kule. Subirini hadi saa sita watu wakienda kula, mtaona unarudi mahali pake.

Pumua alilitafakari hilo kwa uzito ambao halikustahili. Mama Mvuke angecheka siku nyingine. Leo alitazama saa ya ukutani ndani ya duka: saa tano na robo.

— Mama usihangaike, — alisema Timazi kwa upole, maana aliiona ile sura. — Mtupe huyo wa tatu. Penye wengi pana mengi. Wawili wa kwanza wamenyooka, chora, nenda zako.

— Nimtupe tu?

— Mtupe.

Mama Mvuke alifunika nukta ya tatu kwa kikombe. Kweli, uzi ukapita juu ya mbili zilizobaki bila ubishi. Alibaki ameinama hapo, mkono juu ya kikombe, na kitu kidogo kikaanza kumkera, kama punje ya mchanga kwenye kiatu.

— Na nikimtupa wa kwanza?

— Wa kwanza hana kosa.

— Nauliza tu, baba. Nisaidie uzi.

Alihamisha kikombe juu ya nukta ya kwanza. Wakavuta uzi juu ya ya pili na ya tatu, ukanyooka safi. Akahamisha kikombe juu ya nukta ya pili, wakavuta uzi kutoka ya kwanza hadi ya tatu, nao ukanyooka, hauna hata dalili ya ugomvi.

— Eh, — alisema Pumua.

— Mnaona? — Sauti ya Mama Mvuke ilikuwa imebadilika. — Yeyote ninayemtupa, wawili wanaobaki wanakubaliana. Wawili siku zote wananyooka. Hata wakiwa waongo wote wawili wananyooka!

— Ndiyo raha ya vigingi viwili, — alisema Timazi.

— Si raha, baba. Ndiyo balaa yenyewe.

Alikaa chini kwenye kigoda chake taratibu. Alikumbuka mtihani wa kwanza: aliandika mbili mara sifuri ni mbili, mstari wake ukaanzia kusikotakiwa, lakini alitia nukta mbili, akaweka rula, ukanyooka kama alama ya barabarani. Alikumbuka wa pili: aliruka mraba mmoja katika kuhesabu, akatia nukta mbili, ukanyooka vile vile. Mara zote mbili aliweka kalamu chini akitabasamu, akarudi nyumbani akaimba jikoni.

— Nilikuwa sijui nimekosea wapi, — alisema. — Mwaka mzima najiuliza, mbona mstari wangu ulikuwa mzuri? Kumbe mbili haziwezi kukuambia umekosea. Ya tatu ndiyo inayosema. Haijagoma hii. Inatushitaki.

Timazi aliutazama uzi uliokuwa mkononi mwake kana kwamba umemtukana mama yake.

— Kwa hiyo mwaka jana… mimi na vigingi vyangu…

— Wewe hukukosea, baba. Ukuta unauona kwa macho, ukipinda utamwangukia mtu. Mimi wa kwangu hauanguki. Unaenda kimya kimya kwa msahihishaji.

— Sawa, inashitaki, — alisema Utafiti. — Inamshitaki nani?

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mmoja kati ya watatu amekosewa, na kwa sura hawatofautiani. Mama Mvuke alirudia mlinganyo kwa sauti ya chini, safari hii polepole, akiutafuna. Mbili eksi. Mbili kwa kila eksi. Alitazama viberiti vya Timazi vilivyolala sakafuni.

— Baba, ukijenga ngazi, kila kidato kinapanda kiasi gani?

— Sawa sawa vyote. Lazima. Kidato kimoja kikizidi hata nusu inchi, kila atakayepanda atajikwaa hapo hapo. Miguu ina hesabu zake, mama, haihitaji chuo.

— Basi hii ni ngazi. Kila nikienda hatua moja, napanda mbili. Moja, mbili. Moja, mbili. Haibadiliki. Pumua, nipe huo utepe.

Pumua aliutoa shingoni shingo upande. Mama Mvuke alipima mwenyewe. Kutoka urefu wa nukta ya kwanza hadi urefu wa ya pili: inchi mbili. Kutoka ya pili hadi ya tatu. Alipima, akatazama, akapima tena.

— Tatu.

— Haiwezekani, — alisema Pumua.

— Tatu. Kutoka chini kabisa ni nane. Nilisema saba.

— Nami nilipima saba! Saba, halafu… — Mkono wa Pumua ulikwenda wenyewe hewani, ukashika ncha ya utepe usiokuwepo, ukapima, na mwishoni kidole gumba kikateleza mbele kidogo. Wote walikiona. — Ah.

— Ah nini?

— Ilikuwa ya mwisho.

— Kwa hiyo?

— Ukifika mwisho wa kitambaa huwezi kukata pale pale kwenye kipimo! Lazima uache inchi moja ya mshono, ama sivyo nguo itabana. Kila fundi anajua.

Benchi lilicheka hadi mguu wa matofali ukasogea. Timazi alijishika mbavu.

— Umeuachia mstari inchi ya mshono!

— Mstari lazima upumue! — alipiga kelele Utafiti.

— Ndiyo maana shati langu la sikukuu linanifika magotini! — aliongeza Timazi.

— Cheka, — alisema Pumua akijaribu kutocheka. — Siku ukinenepa utanishukuru.

Mama Mvuke naye alicheka, machozi yakamtoka, na mengine hayakuwa ya kicheko. Alifuta nukta ya tatu kwa upindo wa kanga, akatia nyingine kwenye inchi saba kwa mkono wake. Timazi akapaka uzi chaki upya. Alishika upande mmoja, Mama Mvuke akashika mwingine, wakaushusha taratibu. Ukagusa ya kwanza. Ukagusa ya pili. Ukagusa ya tatu.

— Mama, piga wewe.

Aliubana katikati kwa vidole viwili, akauinua, akauachia. Pah! Vumbi jeupe lilitua, na mstari ukawa pale, unapanda kutoka ukutani kuelekea barabarani.

Walikaa wakautazama. Mama Mvuke aliwamiminia, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo kila tone likaingia kikombeni.

— Lakini mama, — alisema Timazi baada ya muda, — uuguzi na mistari wapi na wapi? Mgonjwa si anataka dawa?

Jibu la hilo halikuwa limewahi kumtoka Mama Mvuke mdomoni mbele ya watu.

— Mnamjua mwanangu wa mwisho.

— Yule aliyevunja kioo changu kwa mpira, — alisema Pumua.

— Huyo. Alipokuwa na miezi tisa alikuwa na kadi ya kliniki, ile wanayochora uzito. Kila mwezi wanatia nukta, wanaunga mstari. Mimi naipokea, naikunja, naiweka kwenye mkoba, nasema asante. Muuguzi alinieleza, nikatikisa kichwa kama nimeelewa, niliona aibu kuuliza. Miezi mitatu mstari ulilala, haukupanda hata kidogo. Miezi mitatu natembea nao kwapani! Alipozidiwa ndipo daktari akaifungua kadi mbele yangu, akaniuliza, mama, hukuona? Nilikuwa nimeona. Ninayo macho. Ila sikujua kwamba ile ni lugha.

Utafiti alikigeuza geuza kikombe chake.

— Alipona, tunashukuru. Lakini nilijiapia kwamba kadi kama ile haitapita tena mikononi mwangu bila kusomeka.

Saa ya dukani ilikuwa inakaribia saa sita na nusu. Mama Mvuke alianza kukusanya vitu vyake: kalamu mbili, rula, kifutio, daftari. Alipoinua birika amalizie vikombe, lilitoa kidogo, likakohoa, likaisha. Na hapo ndipo alipofika binti mmoja mwenye mtoto mgongoni, mkononi ana stakabadhi ya sketi.

— Hodi hapa. Fundi, sketi yangu tayari?

— Tayari tangu jana. Karibu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. — Pumua aliingia ndani kuitafuta.

Binti alitaka kumfuata, akasita mguu hewani. Alikuwa karibu kuukanyaga mstari.

— Kumbe na nyinyi mna kadi?

— Kadi gani? — aliuliza Utafiti.

— Si hii? — Alipapasa kwenye mkoba wake, akatoa kadi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua na kuiinamisha kuelekea sakafuni, akivilinganisha. — Tena kumbe mnaijua. Hebu niambieni basi, wenu unapanda hivyo, wangu mbona umelala?

Lilikuwa swali jepesi kabisa. Timazi alifumba jicho moja kwa mazoea, akalifumbua. Utafiti alifungua mdomo.

— Utafiti una… — alisema, na kisha, kwa mara ya kwanza tangu benchi hilo liwekewe tofali, hakumalizia.

Mama Mvuke alikuwa ameshanyoosha mkono. Binti alimpa kadi. Aliipeleka kwenye mwanga, akaweka kidole kwenye nukta ya kwanza, akakisogeza kulia hadi ya pili, hadi ya tatu. Kidole hakikupanda. Alirudia, si kwa sababu hakuelewa.

— Mwanangu, mara ya mwisho kliniki walikuambia nini?

— Walisema nirudi baada ya wiki moja. Ila nikaona anacheka vizuri tu, hasumbui. Nikasema nimalizie mwezi.

— Anakula?

— Anakula kidogo. Sana sana analala.

— Unaona hapa? Huku ni miezi, unaenda kulia. Huku ni uzito, unapanda juu. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu: umetembea hatua zako zote, na mtoto yuko kidato kile kile. Nukta moja ingekuwa mizani imekosea. Mbili, ningesema labda. Hizi ni tatu. — Aliikunja kadi, mara moja tu, maandishi yakiwa nje. — Usingoje mwezi uishe. Turudi leo, sasa hivi. Mimi naenda huko huko, lango ni moja.

Binti alimtazama kuanzia kilemba hadi ndala. Hofu ilikuwa imeanza kumwingia, lakini ilikuwa hofu ya mtu aliyeshikwa mkono. Pumua alitoka na sketi, akaiona hali, akaizungushia gazeti.

— Samahani, mama, — alisema binti. — Wewe ni nesi?

Benchi zima lilimgeukia Mama Mvuke. Yeye alitazama birika lililoisha, akatazama rula mkononi mwake.

— Twende, — alisema, akampokea mkoba.

Timazi aliinua miguu yake ili Mama Mvuke na binti wapite, wasije wakaukanyaga mstari.